Mseto Si Dawa ya Kila Homa

Kwenye duka la dawa la mtaani kwetu, Buguruni, mtu akifika dirishani akatamka neno homa, mkono wa muuzaji huwa umeshafika kwenye rafu ya mseto, dawa ya malaria, kabla hajamaliza kueleza. Mei 2014 mtu huyo nilikuwa mimi, nimetumwa na nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani anaumwa?"

"Shangazi. Homa ilimpanda ghafla jana usiku, kichwa kinamgonga, na macho yanamuuma kwa ndani, hawezi hata kuyazungusha."

"Hiyo malaria, tena inataka kumpanda kichwani. Mpe mseto, na hizi diklofenaki ameze asubuhi na jioni kwa ajili ya maumivu."

"Hatujapima bado, mama."

"Upime nini, mwanangu, na mtu anatetemeka?"

Simlaumu mama yule. Alisema anachokiamini, na ndicho wanachokiamini majirani zangu, wafanyakazi wenzangu na, kwa bahati mbaya, baadhi ya waliovaa makoti meupe: kwamba homa ya mtu wa Pwani ni malaria, na ikikataa kuwa malaria basi haina haja ya kuulizwa jina. Naandika kuipinga imani hiyo. Imezeeka, na watu bado wanailipia kwa miili yao.

Shangazi alianza kuugua Jumapili usiku. Alhamisi asubuhi homa ilishuka, na nyumba nzima ikafurahi. Jirani alipita uani akasema, "Si mnaona, mseto umemkamata mdudu." Shangazi alikunywa uji nusu kikombe, akaomba atandikiwe mkeka barazani apate upepo. Saa kumi jioni alianza kushika tumbo. Viganja vyake vilikuwa baridi ilhali ukuta aliouegemea ulikuwa bado na joto la jua. Alipojaribu kupiga mswaki povu lilitoka jekundu, na fizi hazikuacha kuvuja. Tukampakia kwenye bajaji.

Hospitalini walipima picha nzima ya damu wakakuta chembe sahani, zile zinazofanya damu igande, zimeshuka mno. Kipimo cha malaria kikasema hapana. Kipimo cha dengi kikasema ndiyo. Alilala wodini siku tano chini ya dripu, muuguzi akija kumpima presha mchana na usiku, na tukarudi naye nyumbani. Jiji zima la Dar es Salaam lilikuwa kwenye mlipuko wa dengi wakati ule, na zipo familia ambazo hazikurudi na mgonjwa wao.

Tazama kwa makini kilichotokea Alhamisi ile. Tuliona homa imeshuka tukahesabu kuwa amepona. Ingekuwa malaria iliyopata dawa yake, hesabu yetu ingekuwa sahihi. Kwenye dengi, kushuka kwa homa kati ya siku ya tatu na ya saba ndiyo saa yenyewe ya hatari. Mishipa midogo huanza kuvujisha maji ya damu, presha hushuka, na damu inaweza kutoka fizini, puani au ndani ya tumbo. Mgonjwa wa malaria huuawa na kuchelewa kupata dawa. Mgonjwa wa dengi anaweza kuuawa na kuachwa peke yake siku ile anayoonekana amepata nafuu. Na ile diklofenaki niliyombebea kwa mikono yangu, sawasawa na asprini na ibuprofeni, humzidishia hatari ya kuvuja damu mtu ambaye chembe sahani zake zinapungua. Dawa yake ya maumivu ilikuwa parasetamoli kwa kiwango chake, pamoja na vinywaji vya kutosha, na mtu wa kukaa naye Alhamisi na Ijumaa. Hayo yote tungeyajua kama tungelijua jina la ugonjwa.

Nikubali jambo moja. Imani hii haikuzuka kwa ujinga. Enzi za klorokwini dawa ilikuwa rahisi na ilipatikana kila duka, darubini zilikuwa chache, na mtoto mwenye malaria kali akicheleweshwa siku moja angeweza kufa. Miongozo ya afya yenyewe iliwaelekeza wahudumu, katika maeneo yenye malaria nyingi, wamtibu malaria kila mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye homa. Kwa wakati ule ilikuwa busara. Ila mambo yamebadilika. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka, cha kuchoma kidole na kusubiri mistari, kimefika hadi zahanati za vijijini. Malaria yenyewe imepungua: Tanzania Bara, utafiti wa 2007 na 2008 uliwakuta na vimelea watoto 18 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5, mwaka 2022 walikuwa 8. Zanzibar hawafiki hata mmoja. Mgeni aliyekuwa akija kila siku sasa anakuja mara mojamoja, nasi kila mlango ukigongwa bado tunaita jina lake.

Malaria bado inaua, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Katika kila vifo 100 vya malaria duniani, karibu 4 hutokea Tanzania. Kwa sababu hiyo hiyo ninataka tuipime, tuikamate pale ilipo, na tuache kuitafuta pale isipokuwepo.

"Mimi malaria yangu naijua." Sentensi hii nimeisikia kwa wazee, kwa madereva wa daladala, kwa maprofesa. Mtu anaijua kwa uchungu wa mdomo, kwa magoti kulegea, kwa baridi inayomtambaa mgongoni. Basi tuwasikilize waliopima. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania kuhusu wagonjwa waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali. Damu zao zilipoangaliwa upya kwa darubini, chini ya nusu ndio waliokuwa na vimelea. Na waliofariki kwa wingi zaidi walikuwa wale wasio na vimelea: 12 kati ya kila 100, dhidi ya 7 kwa wenye malaria kweli. Watu wale walikufa wakipewa dawa ya ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Mwaka 2013 ukatoka mwingine wa Moshi, wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kwa kuwatazama na kuwasikiliza, madaktari waliwaandikia malaria 528. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, ambao homa yao ilisababishwa na malaria walikuwa 14. Isome tena tarakimu hiyo: 14 kati ya wote 870, ilhali walioandikiwa ni 528. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, wengine leptospirosisi, wengine homa zinazoletwa na kupe, na karibu 8 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na chikungunya. Hawa walikuwa madaktari waliosomea kazi, wakiwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mimi na wewe tunaijua malaria yetu kwa kipaji gani kinachowapita wao?

Kwa watoto mambo ni yale yale. Dar es Salaam na Ifakara, mwaka 2008, watafiti waliwapima watoto 1,005 waliofika kliniki na homa. Wenye malaria walikuwa takriban 10 kati ya kila 100. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walizidi 60.

Hapo watu huniambia: basi tupe dalili, tutazitenganisha homa wenyewe. Nitazitoa, kwa sharti kwamba zikusaidie kushuku na zisikusaidie kuhukumu. Dengi hupanda ghafla, mtu anaweza kukuambia saa iliyomwanza. Kichwa kinauma na maumivu yanakaa nyuma ya macho, mifupa na misuli ni kama imepondwa kwenye kinu. Siku chache baadaye ngozi hupata vipele au wekundu. (Vitabu vingi huonyesha picha za vipele hivyo kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi vinaweza kukupita usivione, kwa hiyo muulize mgonjwa kama mwili unamwasha.) Chikungunya nayo hukimbilia viungo: vidole, vifundo vya mikono, vifundo vya miguu, mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja. Nimemwona mtu mzima akishindwa kushika sikio la kikombe. Homa ikiisha maumivu hubaki, kwa wengine majuma, kwa wengine miezi, hata zaidi ya mwaka. Malaria ina baridi ya kutetemeka, homa, kisha jasho la kulowesha shuka, ingawa malaria yetu ya huku mara nyingi haifuati ile ratiba ya siku kwa siku tuliyofundishwa shuleni. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula na kulegea viungo zinazo zote tatu. Hapo ndipo macho yanapofika mwisho wa kazi yake.

Na mbu? Anofelesi, wa malaria, huuma zaidi usiku. Aedes, mbu mweusi mwenye miguu ya mistari myeupe, anayebeba dengi na chikungunya, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Hutaga kwenye ndoo, mapipa, matairi, vifuu, hata kisahani cha chungu cha maua. Ndiyo maana mtu anayelala ndani ya chandarua kila siku na kushangaa "malaria inaniandama vipi" anastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Huenda chandarua kinafanya kazi yake vizuri, na aliyemuuma alimkuta ofisini saa nne asubuhi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina la chikungunya, na huenda hata la dengi, limetoka kwetu. Mwaka 1952 homa mpya ilizuka nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walipinda, wakashindwa kunyooka, wengine hawakuweza kutoka kitandani bila kushikwa. Wakulima wale hawakuwa na maabara. Malaria walikuwa wanaishi nayo tangu utotoni, na walipoiona hii wakasema siyo ile, wakaipa jina lake kutokana na neno la Kimakonde la kujikunja: chikungunya. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliieleza kwenye maandishi yao ya 1955, na jina la Kimakonde likaingia kwenye vitabu vya tiba vya dunia nzima. Waliokuja na darubini walithibitisha kile ambacho wenyeji walikuwa wameshakiona: kirusi kilichopatikana katika damu za wagonjwa wa Newala mwaka 1953 kilikuwa hakijajulikana popote.

Rudi nyuma zaidi, Unguja, mwaka 1870. Daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar, aliandika juu ya homa iliyolikumba jiji, ambayo Waswahili waliiita kidinga pepo. Wazee walimsimulia kwamba waliwahi kuiona miongo mingi kabla. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba jina dengi lenyewe lina asili katika neno hilo la Kiswahili. Na leo Watanzania wengi huiita kidingapopo. Wengine, wakizisoma upya dalili alizozieleza Christie, maumivu ya viungo yasiyoisha, wanasema alichokiona huenda kilikuwa chikungunya. Kwa hiyo kuchanganya homa hizi ni kosa la zamani, lililowapata hata waangalifu. Ila wazee wa Unguja na wa Newala walituzidi kwa jambo moja: homa isiyofanana na ile waliyoizoea waliitafutia jina lake. Sisi, wenye maabara na simu mkononi, tumezirudisha zote kwenye neno moja.

Na homa hizi hazikubaki kwenye vitabu. Mwaka 2004, wakati wa ukame, Lamu ilipigwa na chikungunya. Watu walikuwa wanahifadhi maji majumbani, na mbu wa ndooni wakashamiri. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye kisiwani ulionyesha kwamba watu 75 kati ya kila 100 walikuwa wameambukizwa. Ikaenda Mombasa, ikavuka kwenda Komoro, ikafika Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, theluthi ya wakazi. Ilirudi Mombasa mwishoni mwa 2017. Dengi imeipiga Mandera 2011, Mombasa zaidi ya mara moja, na Dar es Salaam 2014 na tena 2019, safari hiyo kwa maelfu ya wagonjwa.

Sasa nije kwenye hoja ninayoiheshimu kuliko nyingine, kwa sababu wanaoitoa ni watu wenye akili. Wanasema: dengi haina dawa, chikungunya haina dawa. Nikipimwa nikaambiwa ni dengi nitapewa parasetamoli na kuambiwa ninywe maji. Kwa nini nipoteze nauli na fedha ya kipimo, wakati mseto angalau ni dawa?

Nawajibu hivi. Kwanza, jina linakwambia dawa ya kutomeza, na hilo nimeshalionyesha kwa mgonjwa wa nyumbani kwetu. Pili, jina linakwambia siku ya kukesha. Mwenye dengi homa ikishuka mtazame kuliko ulivyomtazama ikiwa juu. Tumbo likimuuma sana, akitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoa damu, akilegea au akahangaika bila kutulia, mwahishe hospitali saa hiyo hiyo, usiku ule ule. Dripu inayosimamiwa na mtu anayejua kazi yake huokoa wagonjwa wengi wa dengi kali. Huko kuangaliwa ndiyo tiba yenyewe, na hakuna atakayekuangalia kwa ugonjwa ambao hajui unao. Tatu, na hili halisemwi mara nyingi, jina ni akiba ya kesho. Kirusi cha dengi kina aina nne. Ukiugua aina moja unapata kinga dhidi ya hiyo. Ukija kuambukizwa aina nyingine baadaye, hatari ya kupata dengi kali huongezeka. Mlipuko wa Dar es Salaam wa 2014 ulikuwa wa aina ya pili, na wa 2019 ukawa wa aina tofauti. Wako watu katika jiji hili waliougua mara ya kwanza wakaambiwa malaria, wakameza mseto, wakapona wenyewe kwa nguvu za mwili wao, na hadi leo hawajui kwamba homa ijayo kwao si sawa na homa ijayo kwa jirani.

Na kusema mseto hauna madhara ni kosa. Dozi iliyopotea kwa mtu asiye na malaria ni dozi inayokosekana zahanati siku mtoto mwenye malaria anapoletwa. Tena Kagera na nchi jirani ya Rwanda vimeshaonekana vimelea vilivyobadilika kwa namna inayoidhoofisha artemisinini, nguzo ya mseto. Dawa hiyo haina mrithi aliyekaa tayari kabatini. Tunaitafuna kama karanga.

Wapo pia waliopima wakakutwa na malaria, na wakadhani mjadala umefungwa. "Nimekutwa na wadudu wawili," mtu anasema, kana kwamba maabara iliwahesabu mmoja mmoja mwilini mwake mzima. Ile ni hesabu ya vimelea vilivyoonekana kwa kila chembe nyeupe 200 za damu, na uzito wake unategemea umri wa mgonjwa, anapoishi na hali yake. Kipimo cha haraka nacho hutafuta protini ambayo vimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kubaki kwa majuma baada ya vimelea vyote kufa. Uliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita ukapata homa mpya, mistari miwili inaweza kuwa inakusimulia ya wiki mbili zilizopita. Isitoshe, mtu anaweza kuwa na malaria na dengi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo aliyekutwa na malaria apewe dawa, na asipopata nafuu ndani ya siku mbili au tatu arudi, bila kubadilishiwa mseto kwa mseto mwingine.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, nao niliushuhudia mwaka 2019. Habari za dengi zilipotanda kila redio, mtaa ule ule uliokuwa ukiita kila homa malaria ulianza kuita kila homa dengi. Watu walichuma majani ya mpapai, wakayatwanga, wakanywa, wakalala nyumbani. Malaria kali humwua mtoto ndani ya saa 24. Anayeruka kipimo cha malaria kwa sababu "siku hizi ni dengi tu" amefanya kosa la mama yule wa dukani kwa kuligeuza. Kwanza pima malaria, siku hiyo hiyo ya homa, bila kungoja kesho. Ninachokipinga ni kuishia hapo.

Maana neno linalotuangamiza ni lile linalosemwa majibu yakitoka: "Huna kitu." Mtu ana joto la 39, hawezi kusimama, na anaambiwa hana kitu. Hasi inasema jambo moja tu, kwamba malaria haikuonekana. Baada ya hapo ndipo kazi ya tabibu inapopaswa kuanza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haigharimu hata shilingi. Homa ilianza siku gani? Nyumbani wangapi wanaumwa hivi hivi? Umesafiri wapi? Kazini kwako kuna maji yaliyotuama? Una mifugo, na mifugo ina hali gani? Swali hilo la mwisho linaweza kuokoa kijiji. Homa ya Bonde la Ufa, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1931 karibu na Ziwa Naivasha, huja baada ya mvua kubwa, na dalili yake ya kwanza huonekana zizini: kondoo na mbuzi wanatupa mimba kwa wingi, wana-kondoo wanakufa. Ilipozuka Garissa mwishoni mwa 2006 na kuvuka hadi Dodoma na mikoa jirani mwaka 2007, iliua watu ambao siku za mwanzo waliumwa homa ya kawaida kabisa, yenye kichwa na misuli. Mfugaji anayejibiwa "huna kitu" bila kuulizwa habari za zizi lake amenyimwa swali moja tu, na swali hilo ndilo lililokuwa na jibu.

Ninaposema haya sisahau ukubwa wa kazi ya mhudumu wa zahanati, aliye peke yake na foleni inayofika barabarani. Kipimo cha malaria anacho. Cha dengi mara nyingi hana, wala mashine ya kuhesabu chembe sahani. Ndiyo sababu lawama yangu haiishii kwake. Wizara zetu za afya, za Tanzania na Kenya na serikali za kaunti za Pwani, zimefanya kazi kubwa ya kuifikisha huduma ya kupima malaria kila kona. Sasa zivifikishie vituo vya afya vya ukanda huu vipimo vya dengi, angalau misimu ya mvua, na zisisubiri watu waanze kufa ndipo zitangaze mlipuko. Mlipuko usiopimwa hauonekani kwenye takwimu, na usioonekana hautengewi fedha. Wenye maduka ya dawa nao nawaomba jambo dogo: mtu mwenye homa ambaye hajapimwa asiondoke dirishani kwenu na diklofenaki.

Nawe unayesoma: ukiambiwa kipimo ni hasi, usinyanyuke kwenye kiti. Uliza, kwa adabu, "Daktari, kama siyo malaria, tunashuku nini, na dalili gani zinirudishe hapa haraka?" Una haki ya jibu hilo, hata jibu lenyewe likiwa kwamba ni mafua.

Kwenye daftari la zamani la shangazi, lile la shule tunalobeba hospitali, ukurasa wa Mei 2014 una dozi ya mseto na neno malaria kwa mwandiko wangu mwenyewe, nililolinakili kutoka kinywani mwa mama wa dukani. Sasa ana daftari jipya. Ndani ya jalada niliandika kwa kalamu nyekundu: aliugua dengi, Mei 2014, akiwa na homa asipewe diklofenaki, asprini wala ibuprofeni, apimwe malaria kwanza, kisha dengi. Nunua daftari, uliza watu wa nyumbani kwako walishaugua nini kwa vipimo, uandike.